Kichanganuzi kinapokosea: namna ya kushughulikia maonyo ya uongo katika msimbo wa C

Tarehe 13 Mei 2008 mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo endeshi wa Linux, ulitoa tangazo zito: funguo za siri zilizotengenezwa na pakiti yake ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, tangu Septemba 2006 zinaweza kubashiriwa. Funguo za SSH, vyeti vya tovuti, funguo za OpenVPN, zote zilikuwa hatarini. Kwa kila aina na kila ukubwa wa ufunguo, kwenye kila aina ya prosesa, kulikuwa na funguo 32,768 tu zinazowezekana, idadi ambayo kompyuta ya kawaida huipitia yote bila shida. Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, iliathirika vilevile. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Madhara yote yalitokana na kiraka kidogo, yaani badiliko la msimbo, kilichoandikwa kwa nia njema, ili kunyamazisha onyo.

Onyo lenyewe lilitoka kwa Valgrind, chombo kinachoikagua programu wakati inakimbia. Kililalamika kwamba OpenSSL inasoma kumbukumbu ambayo haijapewa thamani, na kidole kilielekea kwenye mstari huu ulioandikwa mahali pawili katika faili moja:

    MD_Update(&m,buf,j);

Katika fanksheni inayotoa namba nasibu, mstari huo ulichanganya pia chochote kilichokuwamo kwenye bafa ya aliyeiita. Kuuondoa hapo kusingeleta madhara, na waandishi wa OpenSSL wenyewe walikuwa wameuwekea sharti la kurukwa wakati wa kukagua kwa chombo kingine, Purify. Lakini katika fanksheni inayoongeza unasibu, mstari huohuo ndio uliokuwa mlango wa kuingizia kila kitu kisichotabirika. Kiraka kiliondoa yote miwili. Baada ya hapo kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, ambayo kwenye Linux ya wakati ule kwa kawaida haikupita 32,768.

Valgrind si kichanganuzi tuli, maana hungoja programu iendeshwe, lakini kisa hiki kinabeba karibu kila kitu anachopaswa kukijua mtu anayekagua msimbo wa C kwa vichanganuzi vinavyosoma msimbo bila kuuendesha. Onyo lilikuwa sahihi kwa maana finyu, kwamba kumbukumbu fulani haikujazwa. Kwa maana pana halikuonyesha hitilafu yoyote. Hitilafu ilizaliwa pale mtu alipotaka onyo liishe. Ndiyo maana nashikilia kwamba neno "uongo" likitamkwa juu ya onyo ni dai linalohitaji ushahidi, na kwamba kiraka cha kunyamazisha onyo kinastahili kukaguliwa kwa ukali uleule wa kiraka kingine chochote, pengine zaidi, kwa sababu wakaguzi hukipokea wakiwa wamelegea.

Kwanza, kwa nini vichanganuzi hukosea. Mwaka 1953 Henry Gordon Rice alithibitisha kwamba hakuna utaratibu wa kimakanika unaoweza kujibu kwa uhakika, kwa kila programu, swali lolote la maana kuhusu tabia ya programu hiyo. Kwa hiyo kila kichanganuzi hulazimika kukisia mahali fulani. Kikiamua kutopitwa na hitilafu hata moja, kitalalamika pasipo na sababu. Kikiamua kulalamika pale tu penye uhakika, kitapitwa. Inawezekana kubana pande zote mbili kama msimbo wenyewe umebanwa: mwaka 2003 kichanganuzi cha Astrée, kilichotengenezwa Ufaransa, kilipitia programu kuu ya kuongoza ndege ya Airbus A340, mistari 132,000 ya C, kikathibitisha kwamba haina makosa ya wakati wa kuendeshwa, bila onyo la uongo hata moja. Lakini hiyo ni C isiyoomba kumbukumbu inapokimbia wala kuwa na fanksheni inayojiita yenyewe. Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo), seva za wavuti na maktaba za usimbaji haziandikwi hivyo, na huko hatuna budi kuishi na maonyo yasiyo na ukweli.

Wala kichanganuzi kikinyamaza si dalili ya usalama. Hitilafu ya Heartbleed, iliyoifanya OpenSSL ivujishe kumbukumbu ya seva, ilipofichuliwa Aprili 2014, Coverity, mojawapo ya vichanganuzi vya C vinavyotumiwa sana, ilikuwa haijaiona. Watengenezaji wake wakaongeza kanuni mpya: thamani iliyopitia hatua ya kugeuza mpangilio wa baiti ichukuliwe kuwa imetoka kwenye mtandao, hivyo haiaminiki. Ni kanuni ya busara, kwa kuwa ni nadra mtu kugeuza baiti za data yake mwenyewe. Lakini data inayosomwa kutoka faili la ndani nayo hugeuzwa baiti, kwa hiyo upeo uliopanuliwa kwa namna hii hulipiwa kwa maonyo mengine ya uongo.

Sasa tuangalie onyo moja kwa karibu.

    int fd;

    if (andika)
            fd = open(njia, O_WRONLY);
    tayarisha(bafa);
    if (andika) {
            write(fd, bafa, n);
            close(fd);
    }

Kichanganuzi au kompaila itasema `fd` huenda inatumika kabla ya kupewa thamani. Macho ya binadamu yanaona upesi kwamba sharti ni lilelile juu na chini: kama hatukufungua, hatuandiki. Chombo kinachochanganya njia zote baada ya `if` ya kwanza kinapoteza uhusiano huo, kisha kinalalamika. Wengi huishia hapa, wanaandika "onyo la uongo", wanaendelea na kazi nyingine.

Ngoja kwanza. `andika` ni nini? Ikiwa ni kigeu cha ndani ya fanksheni hii, na anwani yake haijakabidhiwa kwa mtu, basi `tayarisha()` haiwezi kukigusa na onyo ni la uongo kweli. Ikiwa ni kigeu cha programu nzima, `tayarisha()` inaweza kukibadilisha, au fanksheni inayoitwa na `tayarisha()`, au uzi mwingine unaokimbia sambamba. Hapo onyo limegeuka kuwa la kweli bila hata herufi moja kubadilika kwenye mistari tunayoitazama. Uamuzi wote umekaa kwenye tangazo la kigeu ambalo pengine liko mistari mia tatu juu, au kwenye faili jingine. Mkaguzi ambaye hajalifungua hajakagua.

Tuseme tumethibitisha kwamba ni kigeu cha ndani. Dawa inayotumiwa na wengi ni kuandika `int fd = 0;` na onyo likatoweka. Hiyo ni dawa mbaya kuliko ugonjwa. Sifuri ni namba halali ya faili: ndiyo mlango wa kawaida wa kupokea data wa kila programu kwenye mifumo ya Unix. Miezi michache baadaye mtu ataongeza njia ya kutokea mapema yenye `close(fd)`, na programu itafunga mlango wake yenyewe wa kupokelea data. Haitaanguka papo hapo. Faili au soketi itakayofunguliwa baada ya hapo itapewa namba sifuri, kwa kuwa POSIX, kanuni sanifu ya mifumo ya Unix, inaagiza itolewe namba ndogo kuliko zote zilizo wazi, na sehemu ya programu iliyodhani inasoma maandishi ya mtumiaji itasoma kitu kingine kabisa. Kuitafuta hitilafu ya namna hiyo ni mateso. Isitoshe, ile sifuri imevipofusha pia vyombo ambavyo vingeweza kukamata kosa la kweli, kwa sababu machoni pao kigeu sasa kina thamani.

Ukilazimika kukipa thamani ya mwanzo, toa isiyoweza kutumika kwa bahati mbaya, yaani `-1`, na ufunge faili pale tu `fd >= 0`. Lakini njia ninayoipenda zaidi ni kuupanga msimbo upya: ita `tayarisha(bafa)` kwanza, halafu fungua, andika na ufunge ndani ya `if` moja. Uhusiano uliokuwa kichwani mwa mwandishi sasa umo katika umbo la msimbo. Kichanganuzi kinauona, na msomaji anayekuja kesho anauona. Kuna tahadhari moja tu: kama `open()` ikishindwa kulikuwa na sababu ya kutofanya kazi nzito ya `tayarisha()`, mpangilio mpya umebadilisha tabia ya programu. Ni lazima hilo liulizwe kabla kiraka hakijapita.

Maonyo mengine hayana dawa ya kupanga upya. Msimbo wa mifumo umejaa mtindo huu:

    struct kazi *k = malloc(sizeof(*k));
    if (!k)
            return -ENOMEM;
    k->id = id;
    list_add(&k->nodi, &foleni);
    return 0;

Chombo kinaweza kudai kwamba kumbukumbu ya `k` imevuja: imeombwa, kielekezi, yaani kigeu kinachobeba anwani yake, hakikuhifadhiwa popote, fanksheni imerudi. Kwa kweli anwani ya `nodi`, iliyo ndani ya `k`, imeshikwa na orodha, na siku ya kuitoa, makro ya `container_of` itarudi nyuma baiti kadhaa mpaka mwanzo wa `k`. Mtindo huu umeenea kerneli nzima ya Linux, hivyo umo katika kila simu ya Android. Hapa msimbo hauna kosa. Ni chombo kisichojua maana ya `list_add`, na mahali pa kurekebisha ni kwenye maelezo ya chombo: kukifundisha mara moja kwamba fanksheni hii huchukua umiliki wa kile inachopewa. Coverity huruhusu kuandika faili la namna hiyo ya maelezo. Kumwambia kila mwandishi abandike alama ya kunyamazisha kila anapotumia orodha ni kuwachosha watu kwa udhaifu wa mashine.

Hata hivyo, ule mstari wa `return -ENOMEM` unikumbushe jambo moja. Msimbo huu ukibadilika na kupata ukaguzi kati ya `malloc` na `list_add`, wenye kurudi na kosa, uvujaji utakuwa wa kweli. Aliyezima kanuni nzima ya uvujaji kwa sababu ilikuwa ikilalamikia orodha hatauona.

Kundi gumu kuliko yote ni la maonyo ambayo sababu ya kuwa ya uongo inakaa mbali na mstari. Chombo kinasema kielekezi huenda ni `NULL`, yaani hakielekezi popote. Mwandishi anajibu kwamba fanksheni hii haiitwi kamwe bila mwitaji kukagua kwanza. Anasema kweli, leo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: mwakani ataongezwa mwitaji mwingine asiyejua sharti hilo. Ndiyo maana jibu la "waitaji wote wanakagua" halinitoshi mpaka nione sharti hilo limeandikwa mahali. Likiwa la ndani ya moduli moja, `assert` inafaa, kwa kujua kwamba hutoweka programu ikijengwa kwa `NDEBUG`. Likiwa linategemea data ya mtumiaji, kifaa au mtandao, basi onyo si la uongo hata kidogo, na unahitajika ukaguzi halisi wenye kurudisha kosa.

Ukaguzi wenyewe ukiwekwa mahali pasipofaa unadhuru. Katika Linux 2.6.30, kwenye kiendeshi cha TUN, kinachounda kifaa cha mtandao cha kubuni, msimbo ulikuwa hivi:

    struct sock *sk = tun->sk;
    unsigned int mask = 0;

    if (!tun)
            return POLLERR;

Kielekezi kinafuatwa kwanza, kisha ndipo kinaulizwa kama ni `NULL`. Vichanganuzi vina onyo mahususi kwa mpangilio huu, na ni miongoni mwa maonyo yanayopuuzwa kwa haraka, kwa hoja kwamba ukaguzi ni wa ziada tu. Kompaila ya GCC ilifuata mantiki ya lugha: kwa kuwa `tun` imeshafuatwa, haiwezi kuwa `NULL`, basi ukaguzi hauna kazi na unaweza kufutwa. Ikaufuta. Julai 2009 ikaonyeshwa hadharani jinsi mtumiaji wa kawaida anavyoweza kuweka data yake kwenye anwani sifuri, kuipitia nafasi hiyo, na kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Kerneli ilirekebishwa, na tangu hapo hujengwa kwa chaguo la `-fno-delete-null-pointer-checks`, linaloikataza kompaila kufuta ukaguzi wa namna hiyo.

Onyo la aina hii linadai mojawapo ya mambo mawili yawe kweli: ama kielekezi kinaweza kuwa `NULL`, na mstari wa kwanza ni hitilafu, ama hakiwezi, na ukaguzi unamdanganya msomaji. Kwa vyovyote vile kuna kitu cha kurekebisha. Onyo linaweza kuwa limekosea kuhusu hatari, na bado likawa limepatia kuhusu msimbo.

Kisa cha TUN kinatufikisha kwenye zile alama zinazotolewa kwa kompaila. Baadhi ni baraka. Katika Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, fanksheni ya `die()` imetangazwa kuwa hairudi, na tangazo hilo moja huondoa kwa mpigo maonyo yote yanayodhani kwamba programu inaendelea baada ya kufa. Lakini `returns_nonnull` (fanksheni hairudishi `NULL` kamwe) na `__builtin_unreachable()` (mahali hapa hapafikiwi kamwe) ni ahadi, na kompaila huijenga programu juu ya ahadi hiyo. Ukiziweka ili tu kichanganuzi kinyamaze, na ahadi isiwe kweli, umeifanya kompaila ifute ulinzi ambao ungekuokoa. Nikiona kiraka chenye alama hizi na kichwa cha habari kinachotaja onyo, husimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Linux imepitia njia hii kwa maumivu. Kwa miaka mingi ilikuwa na makro iliyoitwa `uninitialized_var(x)`, ambayo ndani yake iliandika `x = x` ili GCC iache kulalamika. Ilionekana safi, na jina lake lilieleza kazi yake. Tatizo ni kwamba ilizima onyo moja kwa moja: msimbo unaoizunguka ulipobadilika na kigeu kikaanza kweli kutumika bila thamani, hakuna aliyeonywa. Mwaka 2020 iliondolewa kwenye kerneli yote. Mwaka huohuo, GCC 10 ilipotoka na wimbi jipya la maonyo ya aina hiyo, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliamua kulizima onyo la `-Wmaybe-uninitialized` katika ujenzi wa kawaida wa kerneli. Naona maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi, ingawa kwa juu yanaonekana kupingana. Kuzima onyo mahali pamoja, hadharani, ambapo kila mtu anajua limezimwa na anaweza kuliwasha akitaka, ni afadhali kuliko kulizima mahali mia, kila mahali kwa kisingizio chake.

Kiwango cha uvumilivu wa watu kinajulikana. Watengenezaji wa Coverity, chombo kilichotoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mwaka 2010 katika jarida la Communications of the ACM kwamba maonyo ya uongo yakizidi asilimia 30 watu huanza kukipuuza chombo, na kwamba wao hulenga chini ya 20 kwa kanuni zao zilizokomaa. Mtu akishakutana na maonyo kadhaa ya uongo mfululizo, la kweli linalofuata halisomwi. Walieleza pia jambo ambalo kila mkaguzi analitambua: onyo gumu kulielewa huitwa la uongo. Njia inayopita kwenye fanksheni tano na matawi kumi na mawili inachosha, na akili iliyochoka huchagua jibu linaloiruhusu iendelee. Kwa hiyo ukikuta onyo limefungwa kwa maneno "chombo kimekosea" bila maelezo, usidhani aliyelifunga alilielewa. Mwombe aandike ni hatua ipi katika njia iliyotajwa isiyowezekana, na kwa nini. Mara nyingi sentensi hiyo ikianza kuandikwa, hitilafu hujitokeza yenyewe.

Sentensi hiyohiyo ndiyo inayopaswa kubaki kwenye msimbo. Maoni ya kunyamazisha ni ya zamani kama vyombo vyenyewe. Lint, iliyoandikwa na Stephen C. Johnson pale Bell Labs katika miaka ya 1970, ilikubali maoni kama `/*NOTREACHED*/`. Leo vichanganuzi vya cppcheck na clang-tidy vyote huruhusu kutaja jina la kanuni inayonyamazishwa. Litaje, moja tu, kwenye mstari husika, na sababu iwe pembeni yake. Maoni yanayozima kanuni zote kwenye faili zima yakataliwe bila mjadala mrefu.

Kwa mradi mkongwe unaoendeshewa kichanganuzi kwa mara ya kwanza, shauri langu ni kutogusa ile milima ya maonyo siku ya kwanza. Yahifadhi kama yalivyo, kisha zuia mapya tu yasiingie. Msimbo wa miaka kumi uliokwishazoeleka unaweza kuwa na makosa, lakini viraka mia tano vilivyoandikwa kwa wiki moja na mtu asiyeujua vitaleta mengine. Kile kiraka cha Debian kilifika kwa njia ya namna hiyo, kutoka kwa mtu aliyekuwa nje ya kundi lililouandika msimbo.

Kazi ya kusafisha inaweza kufanywa vizuri. Katika C, `case` isiyoishia na `break` huporomokea kwenye inayofuata, wakati mwingine kwa makusudi, wakati mwingine kwa kusahau. GCC 7 ilipokuja mwaka 2017 na onyo la `-Wimplicit-fallthrough`, kerneli ya Linux ilikuwa na sehemu nyingi mno za namna hiyo, na nyingi zilikuwa za makusudi, yaani maonyo ya uongo. Hazikuzimwa kwa jumla. Zilipitiwa moja baada ya nyingine, onyo likawashwa rasmi katika toleo la 5.3 mwaka 2019, kisha maoni ya Kiingereza yaliyokuwa yakieleza nia hiyo yakabadilishwa kuwa neno `fallthrough;` ambalo kompaila yenyewe inalielewa. Kila mahali palihitaji mtu asome na aamue: hapa ilikusudiwa, au `break` ilisahaulika? Sehemu kadhaa zilikuwa zimesahaulika, na baadhi zilikuwa zimekaa hivyo kwa miaka.